Mdomo wa Bati na Picha ya Watoto Watatu

Vijana, mtu akiwaambia kwamba sauti nzuri ndiyo mtaji wa kazi hii, muulizeni kama amewahi kunyamazishwa na mtoto wa miaka minne. Mimi nimewahi. Ilikuwa Ruiru, saa nane mchana, ndani ya stoo ya kahawa iliyojaa watu hadi mlangoni. Kipaza sauti nilikuwa nacho mkononi, ila mdomoni halikubaki neno hata moja.

Mmeniomba niwaandikie juu ya kazi, ninyi mnaojifunza utangazaji na utengenezaji wa picha, na barua yenu ilikuwa na adabu nyingi hata nikaona haya kukataa. Mwalimu wenu ameongeza kwa kalamu nyekundu kwamba ingefaa nigusie mafanikio yangu. Nimestaafu majuzi, nikiwa na miaka hamsini na mitano, umri ambao serikali huamua kwamba akili ya mtumishi wake imekwisha. Nina shahada ya chuo kikuu pia. Niliipata nikiwa mtu mzima, nikisoma huku mwanangu wa pili akimwaga uji juu ya madaftari, na jambo kuu ambalo shahada hiyo ilinipa ni majina ya kitaalamu ya makosa niliyokuwa nimekwisha kuyafanya. Mafanikio nawaachia wastaafu wenzangu, ambao wanayo mengi na huyasimulia bila kuombwa. Mimi nina kosa moja, nami nimelitunza vizuri.

Miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, niliajiriwa kuwa mfasiri wa picha. Hamjui ni kazi gani kwa sababu imekufa, na haikufa mapema vya kutosha. Serikali ilikuwa na gari la sinema, lori dogo la kijani lenye spika ya bati juu ya paa, mfano wa ua la boga. Gari hilo lililala Thika karibu na reli, na kila Jumamosi lilikwenda kwenye mashamba ya kahawa na katani, kuanzia Thika hadi Ruiru, kuwaonyesha wafanyakazi picha zilizotoka Ulaya. Mfasiri alisimama kando ya shuka nyeupe, akawaeleza watu kwa Kiswahili kile ambacho macho yao wenyewe yalikuwa yakikitazama. Mtu kwenye picha anafungua mlango, mimi nasema, "Anafungua mlango." Nililipwa kwa hilo, na nilijiona msomi. Watoto wa mashambani waliniita Mdomo wa Bati, nami nikadhani ni sifa.

Picha zenyewe zilikuwa za kutustaarabisha. Kulikuwa na picha ya choo, ambamo mtu mmoja alichimba shimo refu kabla ya chakula cha mchana, peke yake, bila kutoka jasho. Mzee mmoja wa Gitothua aliinua mkono mwishoni akauliza kama mtu yule anaweza kuletwa, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na kisima kilichomshinda. Kulikuwa na picha ya kupiga mswaki. Mwanamke aliyekaa mbele alipoona povu likimtoka msichana mdomoni aliondoka na watoto wake wote, akisema hakuja kutazama mtu akianguka kifafa. Katika miaka yangu yote ndani ya gari lile sikukuta choo hata kimoja kilichochimbwa kwa ajili ya picha, wala sikuona jino lililopata faida. Likumbukeni neno hilo, kwa maana liko neno moja la kulipinga, nami nitalifikia.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Salimu, dereva na fundi wa projekta, mtu wa Majengo pale Thika. Mama yake alikuwa Mkamba na baba yake Mnubi, na yeye mwenyewe alisema kabila lake ni Thika. Hakuwa na cheti chochote. Alinionyesha kwamba kipaza sauti hakishikwi mbele ya midomo kama muhindi wa kuchoma. Hushikwa kando kidogo, upana wa kiganja, ili pumzi ipite na sauti ibaki. Alinionyesha kuweka jenereta nyuma ya jengo, upande ambao upepo unakwenda. Na alinionyesha ufundi wa majina.

Ufundi wa majina ulikuwa hivi. Kabla ya kuanza, mfasiri alisimama mlangoni akawauliza watoto wa pale majina yao, kisha akawapa watu wa kwenye picha majina hayohayo. Mzungu mwenye kofia akawa Njoroge, mkewe akawa Wambui, mbwa wao akapewa jina la utani la karani wa shamba. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Picha iliyokuwa ngeni kama theluji ikawa habari ya jirani.

"Jina ni kulabu, Karani," Salimu alikuwa akiniambia, maana mimi alinibandika jina la Karani. "Ukishatia jina, mtu hawezi toka. Lakini angalia unatia wapi."

Sehemu ya kwanza ya maneno hayo niliishika upesi.

Fundi alikuwa na ufundi mwingine ambao hakuufundisha, niliugundua mwenyewe. Filamu ikikatika huunganishwa kwa wembe na gundi. Salimu aliunga vizuri kuliko mtu yeyote, isipokuwa kiungo kimoja katika kila picha, alichokiunga vibaya kwa makusudi, karibu na pale ambapo alasiri ingemkuta. Saa ikifika, alikigusa kwa kidole gumba, filamu ikakatika, taa zikawashwa, naye akatoka nje na birika lake la maji kwenda kutawadha na kuswali. Wakubwa wetu walipokea taarifa nyingi juu ya udhaifu wa filamu, na kila mwezi walituletea gundi mpya.

Sasa niwaambie kwa nini tulionyesha picha mchana. Kulikuwa na amri ya kutotoka nje jioni, tuliyoiita kafyu, na mikusanyiko ya giza ilikatazwa. Kwa hivyo Jumamosi mchana tulifunga milango ya stoo ya kahawa, tukaziba madirisha kwa magunia, askari akasimama mlangoni, na watu wakaketi katika giza tulilolitengeneza, jua likiwaka nje. Serikali iliyoogopa giza la Mungu ilitulipa kwa kutengeneza la kwetu.

Picha ninayotaka kuwaambia haikutoka serikalini. Ilipelekwa kwa makosa kwa Naranbhai, Mhindi aliyekuwa na duka la vyombo Thika na ukumbi mdogo nyuma yake, ambapo jamaa zake walitazama picha za Kihindi. Aliitazama rili moja ya filamu akatuita.

"Chukua, chukua," alisema, akimsukumia Salimu makopo. "Hakuna wimbo, hakuna vita, hakuna harusi. Watu yangu nalala yote, mpaka mama yangu, na yeye halali kabisa."

Aliyeipenda alikuwa Memsahib wa ustawi wa jamii, mwanamke kijana aliyekuwa na miezi michache tu nchini, ambaye wafanyakazi walimpa jina la Memsahib Daftari kwa sababu ya daftari jeusi lisilotoka mkononi. Kiswahili chake kilikuwa "jambo" na "maridadi". Aliitazama picha nzima pamoja nasi ofisini, akafuta macho, akasema lazima ionyeshwe Ruiru, naye atakuja mwenyewe kuona jinsi itakavyowagusa watu.

Ilikuwa picha ya mji wa baridi. Baba anaondoka na sanduku. Siku chache baadaye mama naye anafunga vifungo vya koti, anamwambia binti mkubwa maneno mawili, anaondoka. Wanabaki watoto watatu: msichana, mvulana na kitoto cha kiume. Wakigunduliwa watatawanywa, kwa hiyo wanaficha. Kila siku msichana anaweka buti za baba nje ya mlango ili mwenye nyumba akipita ajue mwanamume yumo. Koti la pili la mama wanalijaza matambara, wanalikalisha kitini, mgongo ukielekea mlango. Hakuna muziki. Maneno ya picha nzima yangeenea nyuma ya bahasha. Watoto wanapika, wanafua, wanatazama dirishani.

Niliitazama mara tatu, nikafikia uamuzi kwamba ilikuwa na upungufu, na kwamba upungufu huo ulikuwa mimi.

Jumamosi ile mlangoni mwa stoo niliuliza kama desturi, "Nani anataka kuingia kwenye picha?" Mvulana wa miaka kama tisa alirukaruka mbele ya wenzake. "Mimi! Mimi Kamau. Na dada yangu Wanjiru. Na huyu Mwaura." Mwaura alikuwa kitoto cha miaka minne, kamasi mbili na shati la mtu mzima. Wanjiru, wa miaka kumi na miwili hivi, alimvuta Kamau sikio akamwambia, "Nani amekutuma?" Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuandika. Msichana, mvulana, kitoto cha kiume. Majina yalinienea kama kofia iliyoshonwa kwa kichwa changu. Sikujiuliza kwa nini dada mtu hakufurahi.

Picha ilianza. Baba akaondoka, nikasema, "Baba Wanjiru huyo, ameona kazi ya kulea ni nzito kuliko sanduku." Kimya. Mama akafunga vifungo, nikasema, "Mama Wanjiru naye anaenda sokoni, sijui soko la wapi." Kimya. Watu ambao wiki iliyotangulia walimcheka mbwa hadi machozi sasa walikaa kama waliopigwa ganzi. Mfasiri mwenye akili angejiuliza wanajua nini. Mimi nilijiuliza nimesahau mzaha gani, nikazidisha. Nikaeleza buti. Nikaeleza koti. Nikamfanya mwenye nyumba awe Nyapara Muiruri, msimamizi wa wafanyakazi wa shamba lile, aliyekuwa ameketi kwenye benchi karibu na Memsahib. Yeye peke yake ndiye aliyecheka.

Nawasikia redioni siku hizi, vijana. Mpira umetoka nje ya uwanja, mnaongea. Wimbo haujaisha, mnaongea juu yake. Mtu amefiwa, mnamwekea kipaza sauti puani na kumuuliza anajisikiaje. Msidhani nawacheka kutoka mlimani. Mimi ndiye babu wa ugonjwa huo.

Tulifika mahali ambapo msichana wa kwenye picha anapanga sahani mezani. Ni kazi ya jikoni tu, haina kitendo, nikaona hapo ndipo pa kumwaga maneno. Nikainua sauti.

"Haya, watu wa Ruiru, mmelala? Nisaidieni! Mama Wanjiru yuko wapi?"

Kimya.

"Semeni bila kuogopa! Mama yao yuko wapi?"

Kutoka mbele, kwenye magunia walikokaa watoto, sauti ndogo ilijibu kwa uchovu, kama mtu aliyechoka kuulizwa jambo lililo wazi:

"Alienda na lori la mawe."

Kwenye picha hakukuwa na lori. Malori ya mawe yalikuwa huku nje, yakitoka kwenye machimbo ya Juja.

Hapo filamu ikakatika. Niliitazama saa yangu. Alasiri ilikuwa bado kabisa. Salimu alisimama kando ya projekta, kidole gumba kikiwa juu ya rili, akatangaza kwa sauti ambayo haikuhitaji bati, "Imeungua! Picha kwisha! Fungueni milango!"

Watu walitoka bila kusukumana, na katika kutoka huko niliona wanawake wakijipanga mmoja baada ya mwingine kati ya benchi la Nyapara na wale watoto watatu. Hawakumficha mtu, walitembea tu, polepole sana.

Memsahib alinigusa kiwiko. "Mtoto yule alisema nini? Kwa nini wote wamenyamaza?"

Vijana, hapa ndipo kosa lilipo, yale ya kwanza yalikuwa ujinga tu. Nilikuwa nimeanza kuelewa. Niliona sura ya Wanjiru. Ningeweza kusema mtoto aliomba maji. Lakini hakuna Mzungu aliyewahi kuniuliza swali zito mbele ya watu, na Kiingereza changu kilikuwa kimenyooka siku ile. Nikampa tafsiri safi kuliko zote nilizopata kutoa: mama wa mtoto huyu ameondoka na dereva wa lori. Hata nikaongeza maelezo mafupi juu ya machimbo.

Memsahib akafungua daftari. Nyapara Muiruri akaitwa.

"Mama Wanjiru?" alishangaa. "Si amechuma kahawa leo asubuhi? Nimeona kitambaa chake na macho yangu."

Kitambaa alikiona kweli. Chini ya kitambaa alikuwa Wanjiru, na alikuwa amechuma katika mstari wa mama yake tangu lori lilipoondoka, akiwekwa katikati ya wanawake wawili warefu ili msimamizi asione urefu wake. Shamba lilikuwa na sheria kwamba chumba katika laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, ni cha mfanyakazi. Asipokuwapo, chumba kinachukuliwa na walio ndani wanaondoka. Baba yao hakuwapo siku nyingi, na sasa mama. Laini nzima ilijua. Mke wa Nyapara alijua. Asiyejua ni yule aliyelipwa kujua, pamoja na mimi.

Memsahib alimwamini mtoto kuliko Nyapara, akapanga mambo palepale. Mwaura angepelekwa kwenye nyumba ya kulelea watoto. Kamau angepelekwa shule ya ufundi ya bweni, mbali. Wanjiru angetafutiwa kazi ya yaya katika nyumba ya heshima. "Kila mmoja mahali panapomfaa," alisema, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. Angekuja Jumatano na gari. Alikuwa mwema, hilo sitamnyima. Jifunzeni kumwogopa mtu mwema mwenye daftari.

Nilipokuwa nikikunja nyaya, alinijia mwanamke mfupi, mnene, mwenye ndoo ya maji kichwani. Alikuwa Nyina wa Wambui, mke wa Nyapara.

"Wewe Mdomo wa Bati," alinisemesha kwa Kikuyu, bila kuitua ndoo. "Ulipewa majina ya kuchekeshea watu. Nani alikuambia uyapeleke mahakamani?"

"Mama, sikujua."

"Kaĩ! Hukujua, na ulikuwa unaongea peke yako saa nzima? Sisi tunajua, na tumenyamaza miezi miwili." Alinitazama kuanzia viatu hadi tai. "Na hawa wote wawili wamesoma, yule wa daftari na huyu wa bati. Ngai, Mungu wangu."

Tulirudi Thika. Salimu aliendesha gari kama aliyebeba mayai, hata tulipofika kwenye katani ya Juja ndipo aliposema, akitazama barabara, "Karani, mdomo ulipewa. Masikio ulinyimwa na nani?"

Sikujibu. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kutojibu, na nilichelewa kuanza.

Jumatano Memsahib alinichukua kwa gari lake, kwa kuwa alihitaji mfasiri. Njiani alinieleza jinsi nyumba ya watoto ilivyo na madirisha makubwa. Nyapara Muiruri alitupokea langoni akiwa amevaa viatu vyeusi vya kanisani, vilivyombana hadi akatembea kama kuku kwenye mbigili. Alikuwa na hasira: gambuti zake, buti za mpira za shambani, zilikuwa zimeibwa alfajiri, mlangoni pake mwenyewe.

Tukafika laini. Wachumaji walikuwa shambani na mahali palikuwa pametulia. Mbele ya chumba cha akina Wanjiru, zikiwa zimepangwa sambamba, pua zikitazama nje, tulikuta gambuti mbili kubwa zenye matope.

Nyapara alisimama. Memsahib pia alisimama.

Ndani, moshi ulikuwa mwingi kuliko ilivyohitajika. Kamau na Mwaura walikuwa wameketi kitandani wakiwa wamenawa nyuso. Wanjiru alisimama karibu na mlango, amevaa gauni lake la utoto, kitambaa cha mama hakuna. Na mbele ya moto, kwenye kigoda, mgongo ukielekea mlango, aliketi mwanamke amejifunika shuka, kitambaa cha mama Wanjiru kichwani, akikoroga chungu. Mgongo ule niliujua. Nyapara aliujua zaidi. Alikuwa ameoana nao miaka kumi na mitano.

Niliwaambia mlikumbuke neno langu juu ya faida ya picha zetu. Hii hapa. Tuliwaonyesha watu wale vyoo, miswaki, mbolea na matuta, wakarudi nyumbani kama walivyokuja. Picha moja tu ndiyo waliyoishika yote, kitendo kwa kitendo, baada ya kuitazama mara moja, tena nusu, tena nikiwapigia kelele.

"Kwa hivyo baba pia yupo?" Memsahib aliuliza, akionyesha gambuti.

Nilimgeukia Nyapara. "Anauliza hizi ni za nani."

Nyapara alifungua mdomo. Kabla hajatoa sauti, mgongo ukasema kwa Kikuyu, bila kugeuka, kwa upole, "Muiruri, ukisema ni zako, utalala nje nazo hadi mvua za masika."

Akaufunga mdomo. Akayatazama matope yaliyokuwa kwenye gambuti, matope yake mwenyewe, kwa muda mrefu. "Ni za mwenye hii nyumba," alisema hatimaye. "Kwani mwingine ni nani?"

Nilifasiri. Memsahib hakuandika. Alichutama mbele ya Mwaura, akamshika mkono, akaniambia, "Muulize yeye. Watoto wadogo hawasemi uongo. Muulize mama yake yuko wapi."

Lilikuwa swali langu. Lilikuwa limetembea siku nne, likarudi kwangu kama barua isiyo na stampu. Wanjiru aliniangalia. Sijatazamwa hivyo tena, hata siku ya mtihani wangu wa mwisho chuo kikuu. Mwaura alikuwa amekwisha kuwa tayari na jibu. Kijana yule hakuwa na jibu ila moja, naye alilitoa kwa yeyote aliyeuliza.

Nikachutama nami. Nikamuuliza kwa Kikuyu, polepole, kwa sauti ya mtu anayefasiri kwa uaminifu mkubwa, "Mwaura, uji uko wapi?"

Mwaura aliinua kidole akaonyesha moto, na mwanamke aliyekuwa mbele ya moto.

Memsahib alikifuata kile kidole hadi kwenye mgongo. Akautazama. Kisha akageuza kichwa akazitazama gambuti mlangoni. Kisha akanitazama mimi. Mkumbuke kwamba picha ile aliichagua mwenyewe na aliitazama yote. Alisimama, akaandika mstari mmoja, akafunga daftari, akasema, "Maridadi," na tukaondoka.

Tuliendesha hadi tukaiona Thika. Hapo alisema, bila kunigeukia, "Ile picha. Nadhani hatutaionyesha tena." Nilitaka kumuuliza maana yake. Nikanyamaza, na katika miaka mingi ya kunyamaza juu ya jambo lile nimempa heshima zaidi kuliko niliyompa kwa maneno.

Watoto hawakutawanywa. Nyina wa Wambui alijikuta na chungu cha kudumu katika chumba kile, na Nyapara aliyejifanya hajui akalazimika kuendelea kutojua, kazi ambayo ilimfaa. Mwaka mzima gambuti zake zilionekana mara kwenye mlango huu, mara kwenye mlango ule. Mama wa watoto hakurudi kwa muda wote niliopita njia ile. Baadaye nilipewa kazi ofisini, wafasiri wakaondolewa, na mengine si yenu.

Lakini kabla ya hapo, Jumamosi moja, tulirudi kwenye stoo ileile na ile picha ya mswaki. Nilikuwa nikifunga spika Wanjiru aliponijia. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma.

"Karani."

"Naam, dada."

"Ile picha ya siku ile. Mama yao hakurudi, ama?"

Hakurudi. Rili ya mwisho inaonyesha watoto watatu dirishani, basi. Lakini rili hiyo haikuwahi kufunguliwa Ruiru. Salimu alikuwa amekata mapema. "Hatukufika mwisho," nilimwambia. "Umejuaje?"

"Sahani."

"Sahani gani?"

Aliniangalia kama mtu anayejaribu kuwa mvumilivu kwa mgonjwa. "Mwanzo dada yao anaweka tano mezani. Baba akaenda, bado anaweka tano. Mama akaenda, anaweka tano. Kila siku, tano. Halafu ile siku anapika viazi, akaweka tatu. Halii, hasemi. Anaweka tatu tu, halafu anaketi." Alikwaruza chini kwa kidole cha mguu. "Mimi nikajua hawamngojei tena. Hukuona?"

"Sikuona."

"Ungeona aje," alisema Wanjiru, bila hasira yoyote. "Ulikuwa unaongea."

Jumatatu mchana nilimwomba Fundi Salimu anizungushie picha ile kwenye ukuta wa ofisi, bila kipaza sauti. Hakuuliza kwa nini. Alivuta kiti akaketi kando yangu. Nilihesabu kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Tano. Tano. Tano. Tatu. Zilikuwapo tangu mwanzo, nami nilikuwa nimeitazama mara nne.